Somo la Kiingereza: Nani Alimfanyia Nani Nini?

Katika somo hili tunaacha kidogo Kiingereza cha sokoni na cha salamu, tugeukie karatasi. Tukisema karatasi tuna maana ya yale maandishi ambayo karibu kila nyumba hapa makazini imewahi kuyahitaji: maelezo ya kwa nini mlikimbia, barua ya kutafuta jamaa aliyepotea njiani, ombi la mtoto kuhamishwa shule, maneno machache kwa mganga wa kituo cha afya. Hapa Uganda karatasi hizo husomwa kwa Kiingereza. Anayezisoma mara nyingi hajawahi kukuona, wala hayupo karibu akuulize, "Hapa ulikuwa na maana gani?" Anashika kilichoandikwa.

Makosa yanayoleta taabu kubwa siyo yale ya herufi. Ukiandika "recieve" mahali pa "receive", msomaji ataelewa na kuendelea. Lakini ukiweka "he" mahali pa "she", au ukichukua kitenzi kinachofanana tu na kile ulichokitaka, sentensi inabaki Kiingereza safi kabisa, ila inasema habari nyingine. Hakuna atakayeisahihisha, maana haionekani kuwa na kosa.

Yeye ni nani?

Kiswahili hakiulizi kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Tunasema "alikuja", basi. Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala na Kibembe nazo hazitengi. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua kila mara: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Ndiyo sababu hata watu waliosoma sana miongoni mwetu huchanganya wanapozungumza upesi. Kuchanganya katika mazungumzo si neno, watu watacheka na kuendelea. Katika faili ni jambo jingine.

Chukua maneno haya: "Ndugu yangu alibaki Uvira. Ana watoto watatu. Mume wake ni mvuvi." Kwa Kiswahili ni sentensi ya tatu inayotujulisha kwamba ndugu huyo ni dada. Sasa mfikirie mkalimani anayetafsiri huku wewe unaendelea kusema. Amesikia "ndugu", ameandika "my brother", kisha "he has three children". Ukifika kwenye mume, faili lako tayari lina kaka mwenye mume. Afisa atakayelisoma mwaka ujao ataona maelezo mawili yasiyopatana, na kutopatana kwa maelezo ni jambo ambalo maafisa hulitazama sana.

Kwa hiyo hata unapozungumza Kiswahili mbele ya mkalimani, anza na neno lenye kueleweka: dada yangu, kaka yangu, binti wa mama mdogo. Huyu wa mwisho Kiingereza humwita "cousin", neno ambalo nalo halisemi kama ni mume au mke, basi "she" ifuate mara moja. Wala usimwite "my sister" kwa sababu tu mmelelewa nyumba moja. Kwetu ni dada kweli, lakini katika fomu ya familia "sister" ni yule mliyezaliwa naye kwa baba au kwa mama.

Kwa wale tuliosoma Kongo au Burundi kuna mtego wa pili. Kifaransa husema "sa mère" kwa mama wa mvulana na pia kwa mama wa msichana, kwa sababu kinatazama kile kinachomilikiwa, na mama ni wa kike. Kiingereza kinamtazama mwenye kumiliki. Mama wa mvulana ni "his mother". Baba wa msichana ni "her father". Mtu akiandika "The boy is with her mother", msomaji ataanza kumtafuta mwanamke mwingine katika habari hiyo: huyu mvulana yuko na mama wa nani?

Na wakiwa wanawake wawili katika sentensi moja, hata Mwingereza mwenyewe hukwama. "Maria told Esther that her son was sick." Mtoto wa Maria au wa Esther? Hakuna ajuaye. Andika "Esther's son was sick, and Maria told her", na shaka imeondoka. Mashuleni watoto hufundishwa kwamba kurudia jina mara nyingi si uandishi mzuri. Kwa insha ya shule sawa. Kwa karatasi ya ofisi sisi tunasema: rudia jina bila aibu, hata mara kumi katika ukurasa mmoja.

Inafaa tuseme pia mahali ambapo Kiswahili kinakishinda Kiingereza, ili tusidhani kwamba lugha yetu ndiyo yenye upungufu. Tazama: "Chupa iliangukia kioo, kikavunjika." Kila mtu anajua ni kioo kilichovunjika. "Chupa iliangukia kioo, ikavunjika." Sasa ni chupa. Herufi moja tu imetuambia yote. Mwingereza ana "it" peke yake: "The bottle fell on the mirror and it broke." Nini kilivunjika? Ni kwa sababu tumezoea kusaidiwa na ki- na i- na li- na u- ndiyo tunaitumia "it" kwa wingi kupita kiasi. Tunaitafsiri sentensi yetu iliyokuwa wazi, nayo inafika upande wa pili imefifia. Taja kitu chenyewe: "and the mirror broke".

"They" na wale wasiotajwa

Neno ambalo tungependa mlichunge kuliko yote ni "they". Soma hii: "The soldiers came and the neighbours ran away. They burned the houses." Aliyekuwepo anajua ni askari waliochoma. Asiyekuwepo anaweza kusoma kwamba majirani ndio waliochoma, kwa kuwa majirani wametajwa mwisho. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "walichoma nyumba" na msikilizaji wetu akajaza mwenyewe, kwa sababu anaijua vita ile. Msomaji wa ofisini hana cha kujazia.

Tena Kiswahili huruhusu "walimwua mjomba wangu" bila kuwataja kabisa, na katika miji yetu wakati mwingine kutowataja kulikuwa ndiyo usalama. Katika maelezo ya kuomba hifadhi, "they killed my uncle" inaacha swali lililo kubwa kuliko yote. Kama unawajua, waandike kwa jina la kundi lao. Kama unajua kwa mavazi au kwa lugha waliyosema, andika hivyo, na useme kwamba ni kwa mavazi au kwa lugha. Kama hujui, andika "I do not know who they were." Hiyo ni sentensi nzuri sana. Hakuna aibu ndani yake, na ina nguvu kuliko kubahatisha.

Vivyo hivyo kwa "was killed". Kiingereza kikisema "My uncle was killed", muuaji ametoweka katika sentensi. Itumie kama hukumwona. Kama ulimwona, mrudishe.

Kuna "they" nyingine inayowasumbua wengi. Kadi ya hospitali inasema: "Each patient must bring their card." Watu huuliza, kama mgonjwa ni mmoja, hao "their" ni akina nani? Ni yeye yule mgonjwa mmoja. Kiingereza hutumia "they" kwa mtu mmoja ambaye haijulikani kama ni mwanamume au mwanamke, na matumizi hayo yalikuwepo tangu karne ya 14. Utaikuta sana katika fomu. Lakini unapomwandika mtu unayemjua, mwite "he" au "she".

"We" nayo ina hila yake. Sisi watu wa adabu hupenda kusema "tulikimbia" hata pale mtu alipokimbia peke yake, au kusema "sisi" kwa kusemea nyumba yake yote. Ofisi ikisoma "we fled", itahesabu. Mlikuwa wangapi? Wako wapi wengine? Mara ya kwanza unapoandika "we", weka majina: "My wife, our two sons and I fled." Baada ya hapo "we" itaeleweka. Na pale mlipoachana njiani, rudi kwenye "I", maana ukiendelea na "we" utakuwa umewavusha mpaka watu ambao hadi leo hawajavuka.

Kuhusu "you" tutasema machache. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa wewe na "ye" kwa ninyi, na ndivyo yalivyo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Leo yote mawili ni "you". Ukipata karatasi ya wito inayosema "You should come on Tuesday", haisemi kama unaitwa peke yako au na familia yote. Uliza kabla ya siku kufika.

Kitenzi kimoja kwetu, viwili kwao

Tukija kwenye vitenzi, tofauti ya kwanza ni hii. Kiswahili huchukua kitenzi kimoja na kukibadilisha mwisho wake. Kukopa, kukopesha. Kukumbuka, kukumbusha. Kuanguka, kuangusha. Kiingereza mara nyingi hubadilisha neno zima: "borrow" na "lend", "remember" na "remind", "fall" na "drop". Ndiyo maana mwanafunzi husema "He borrowed me money" akitaka kusema alinikopesha. Hapa hakuna njia ya mkato, ni kujifunza maneno wawiliwawili, kama tunavyofanya darasani.

Halafu kuna vitenzi vyetu vipana. Kusikia: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia maumivu. Kwa daktari usiseme "I hear pain". Maumivu ni "feel", harufu ni "smell", sauti peke yake ndiyo "hear". Kupiga: ukimpigia dada yako simu ni "I called my sister". Ukisema "I beat my sister yesterday" watakuita kwa mambo mengine kabisa.

Kufiwa ni kitenzi ambacho Kiingereza cha kila siku hakina. Wengi huandika "I lost my husband", na Waingereza wenyewe husema hivyo kwa heshima. Katika karatasi neno hilo ni la hatari, kwa sababu "lost" ina maana ya kufiwa na pia ya kupotezana. Mama akiandika "I lost two children on the road", je, watoto walikufa, au walitengana naye katika msongamano na huenda wako hai katika kambi nyingine? Msalaba Mwekundu una kazi maalumu ya kutafuta jamaa waliotengana kwa vita. Mtoto aliyekufa hatafutwi. Kwa hiyo, ijapokuwa ni neno gumu kuliandika, andika "died" kwa aliyekufa, tena kwa yule uliyejua kifo chake. Kwa ambaye hujui habari zake andika "is missing", na uongeze ni lini na wapi mlionana mara ya mwisho: "I last saw him in Fizi in 2017."

Maneno ya Kifaransa yaliyovaa nguo za Kiingereza

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tunapoona majeraha makubwa. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza kimejaa maneno yanayofanana na ya Kifaransa. Mengi yanasaidia. Machache yanageuza habari juu chini.

Kifaransa "assister à" ni kuwepo jambo linapotokea, kulishuhudia. Kiingereza "assist" ni kusaidia. Mtu aliyeona baba yake akiuawa, akiandika "I assisted the killing of my father", ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alisaidia kumwua. Neno analolitaka ni "witnessed", au kwa urahisi zaidi "I saw".

Kifaransa "supporter" ni kuvumilia. Kiingereza "support" ni kuunga mkono. "We supported the rebels for three years" haisemi kwamba mliwavumilia. Inasema mlikuwa upande wao. Andika "We suffered under the rebels."

Kifaransa "blesser" ni kujeruhi. Kiingereza "bless" ni kubariki. "My brother was blessed in the leg" litamfanya msomaji atabasamu, na mguu wa kaka yako utabaki bila daktari. Andika "wounded".

Yapo na mengine madogo. "Ignore" kwa Kiingereza ni kupuuza, kwa hiyo "I ignore where my wife is" inakuonyesha kuwa mume asiyejali, kumbe ulitaka "I do not know". "Demand" ni kudai kwa ukali, na mwenye kuomba hutumia "ask" au "request". "Pretend" ni kujifanya, basi usiandike "I pretend that I am a refugee" ukitaka kusema unadai kuwa mkimbizi. Sentensi moja kama hiyo inatosha kulitia doa ombi zima.

Yanayofanana ndani ya Kiingereza chenyewe

"Persecute" na "prosecute" zinatofautiana kwa herufi chache tu. La kwanza ni kumwandama na kumtesa mtu. La pili ni kumshtaki mahakamani kwa kosa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 umejengwa juu ya neno la kwanza: mkimbizi ni mwenye hofu ya kweli ya kuandamwa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la jamii, au mawazo yake ya kisiasa. Mkataba huohuo unawanyima hifadhi watu wanaodhaniwa kwa sababu nzito kwamba wametenda makosa makubwa kama ya kivita. Sasa pima mwenyewe uzito wa kuandika "I was prosecuted in my country".

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wale wanaokimbia uvamizi au machafuko makubwa, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inafuata njia hiyo pia. Kwa hiyo kama ulikimbia vita iliyowakumba wote, huna haja ya kutafuta neno "persecuted" ili karatasi yako ipendeze. Andika vita iliyokukimbiza, na mwaka wake.

Kukimbia hatari ni "flee", na wakati uliopita ni "fled". Kuruka angani ni "fly", na wakati uliopita ni "flew". "We flew from Bukavu" ina maana mlipanda ndege. "Escape" husemwa kwa mtu aliyeponyoka mahali aliposhikiliwa. Kama hukushikiliwa popote, tumia "fled" au "left".

Na "fight with"! Kiswahili chetu kina utata uleule: "nilipigana na askari" inaweza kuwa dhidi yao, au bega kwa bega nao. Kiingereza "I fought with the soldiers" ni hivyo hivyo. Kama walikupiga na wewe ukajikinga, hukupigana nao: "The soldiers beat me." Kama walikuchukua kwa nguvu ukabebe mizigo yao, usiandike "I worked with them". Andika "They forced me to carry their loads." Neno "forced" ni dogo, lakini ndilo linalosema kwamba hukutaka.

Wakati wa kitenzi tutauchukua siku nyingine kwa urefu. Kwa leo shika mawili tu. "I lived in Nakivale for five years" inasema umeshaondoka, na kama bado upo andika "I have lived". "I was married" husomwa mara nyingi kwamba ndoa imekwisha, na kama mume au mke yupo, hata kama yuko mbali, andika "I am married".

Hatufundishi haya ili mtu apambe habari yake. Habari ni ile ile iliyotokea. Tena katika mahojiano hulazimiki kujikaza na Kiingereza: omba mkalimani wa lugha unayoimudu, na kabla ya kutia sahihi omba usomewe yote yaliyoandikwa. Wakati wa kusomewa, usisikilize tu miaka na majina ya vijiji. Sikiliza kila "he", kila "she", kila "they", na ukisita, simamisha.

Zoezi

Andika upya sentensi hizi ili mtu asiyekujua aelewe. Ya kwanza: "Esther went with Ruth to the hospital because she was bleeding." Tuchukulie mgonjwa ni Ruth. Ya pili, ya mvulana: "He stayed with her aunt in Uvira." Ya tatu: "The rebels met the villagers near the river and they shot at them." Walipigwa risasi wanakijiji. Ya nne: "I assisted when my neighbour was blessed with a knife." Ya tano: "I lost my daughter in 2012 and I ignore if she is alive." Ya sita ni ya Kiswahili, mtafsiri wenyewe: "Ndugu yangu aliolewa na mwalimu, akamkimbiza mtoto wake hospitali, akafia njiani." Tahadhari na hii ya mwisho. Kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza, kubalianeni kwanza nani alikufa. Majibu tutayasahihisha pamoja katika darasa la jioni, na asiyeweza kufika amtume mtoto na daftari.